Zana za kufungulia rili: ujitengenezee au ununue? Nilivyozilinganisha hapa Tanga

Rili ya kwanza kufia mikononi mwangu (rili ya kuvulia, ile ya kukunjia mshipi) haikuliwa na chumvi. Niliiua mwenyewe, kwa plaizi. Nati ya shaba iliyo katikati ya rota ilikuwa imekaza, spana ya kuifikia sikuwa nayo, nikaibana kwa plaizi na kuzungusha kwa hasira. Plaizi ikateleza mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu kona zote sita za nati zilikuwa zimekwisha. Ikabaki duara laini kama shanga. Fundi niliyempelekea aliipasua nati kwa msumeno wa chuma, na alipomaliza kuipasua alikuwa ameikata na rota.

Tangu hapo nina debe la biskuti limejaa zana za rili, nusu nimenunua, nusu nimetengeneza kwa vitu vilivyokuwa vimelala uani. Vingi nimevijaribu kwa namna zote mbili, cha kujitengenezea na cha dukani, kwenye rili ileile. Nikiulizwa kwa kifupi, nasema hivi: chombo chochote cha kukaza na kulegeza kitu kwa nguvu, nunua. Cha kushika, kuchokonoa, kupanga, kukunjua au kupima, tengeneza. Kifupi hicho kina mahali kinapovuja, nitapaeleza tukifika.

Kwanza neno kuhusu hali yetu. Wavuvi wengi wa pwani hii hawana habari na rili. Wana mishipi ya mkono, nyavu na madema, na samaki wanapata. Rili ni ya wachache: wale wanaosimama kwenye mawe ya Raskazone jioni wakirushia kolekole, wale wanaorambaza nguru na jodari kuelekea mkondo wa Pemba, na wale waliopewa na mgeni. Tanga ni waja leo waondoka leo. Mgeni huja na rili yake, akaondoka, rili ikabaki. Ila inabaki bila kijitabu, bila spana yake, na mara nyingi bila kuoshwa tangu siku ilipoingia bandarini. Kitu kimoja kinachotuokoa ni kwamba mji huu ni wa baiskeli. Utaona chini kwamba nusu ya debe langu imetoka kwa mafundi baiskeli wa Ngamiani.

Nati ya rota: hapa usijifanye mjanja

Rota ni kile kikombe kinachozunguka na kuukunja mshipi kwenye spuli, yaani kibiringo cha rili. Ukichomoa spuli utaiona nati katikati, na ndani ya nati hiyo umepita mhimili mrefu unaochomoza juu. Taabu yote iko hapo. Spana bapa mara nyingi haiingii kwa kuwa nati imekaa ndani ya shimo. Soketi fupi nayo haiketi, maana mhimili unagonga kitako chake kabla haijaifikia nati. Unahitaji kitu chenye umbo la bomba, kilicho wazi katikati, kipitishe mhimili na kuikumbatia nati kwa pande zote sita.

Dukani kinapatikana: spana ya bomba, ile yenye tundu ubavuni la kupitishia chuma cha kuzungushia. Kila ncha ina saizi yake. Nati nilizokutana nazo zilikuwa kati ya milimita 10 na 14, lakini usinunue kwa maneno yangu. Pima nati yako kwa vernia, au beba rota yenyewe dukani ukaijaribu palepale.

Ya kujitengenezea nayo ninayo. Inatengenezwa hivi: unatafuta bolti ambayo kichwa chake kinalingana na nati yako. Unachukua kipande cha bomba la chuma ambacho kichwa hicho kinaingia kwa kubana kidogo. Bomba linawekwa motoni mpaka liwe jekundu, bolti inazamishwa, kisha bomba linagongwa kwa nyundo kuzunguka kichwa cha bolti mpaka lichukue pembe sita. Likipoa unaigonga bolti itoke. Fundi wa kuchomelea aliyezoea anamaliza kabla chai yake haijapoa.

Nikaziweka mbili hizo mezani, nikafungua rili moja kwa zote. Kwenye nati iliyolegea hakuna tofauti, ya bomba la kugonga inafanya kazi kama ya dukani. Kwenye nati iliyokaza, ya kujitengenezea inacheza. Kona zake ndani ni za mviringo, kwa hiyo inaishika nati kwenye ncha za pembe tu, na shaba ni laini kuliko chuma. Ukiongeza nguvu, unarudia yale niliyofanya kwa plaizi, ila kwa heshima zaidi. Nunua.

Ipo njia ya tatu ambayo watu hawaifikirii: koni spana ya fundi baiskeli. Ni nyembamba, kama milimita 2, na imetengenezwa kwa ajili ya nati zisizoacha nafasi. Kama nati yako imeinuka juu ya rota badala ya kujificha, koni spana inaishika vizuri, na ya kuazima haigharimu kitu. Fundi wangu hunipa kwa sharti la kuirudisha kabla ya adhuhuri.

Yoyote utakayotumia, angalia kwanza kama kuna kibati kidogo kilichofungwa kwa skrubu kuizuia nati isizunguke. Kitoe hicho. Halafu kumbuka kwamba baadhi ya rili zina nati yenye uzi wa kinyume, inayofunguka ukizungusha kulia. Jaribu kwa upole pande zote mbili. Ikigoma kote, tia tone la mafuta ya kulegezea kutu, ukalale. Asubuhi huwa ina maneno mengine.

Bisibisi ya nyota, na siri ya Wajapani

Rili nyingi za Kijapani zina skrubu za nyota ambazo si nyota tuliyoizoea. Kwa jicho zinafanana kabisa. Nyota ya kawaida ukizidisha nguvu inateleza na kupanda nje. Ya Kijapani, inayofuata kipimo cha JIS (viwango vya viwanda vya Japani), inakaa hadi chini ya tundu. Ukiweka bisibisi ya kawaida kwenye skrubu ya JIS, ncha yake inagota chini kabla mbawa hazijashika, unazungusha, na skrubu inachimbika. Mafundi wa pikipiki za Kijapani wanalijua hili siku nyingi. Sisi wa rili tunajifunza kwa hasara.

Ya dukani ya JIS ni nzuri na ngumu kuipata mjini. Hapa ndipo kanuni yangu inapovuja: bisibisi ya kawaida unaweza kuirekebisha. Chukua iliyo ya chuma kizuri, isiwe ile laini inayouzwa kwa jumla barabarani, uisage ncha kwa tupa kidogo sana, kiasi cha unene wa ukucha. Jaribu kwenye skrubu. Ikiketi bila kutikisika, simama hapo. Ukisaga mno umeitupa. Ninayo moja iliyosagwa hivyo na haijaharibu skrubu bado.

Vichokoo: spoku na ndoana

Ndani ya rili kuna vitu vya kunyanyua tu: beringi iliyonata kwenye kiti chake, washa za breki (breki ndiyo inayouachia mshipi utoke kwa kukaza samaki akivuta) zilizogandana kama chapati zilizolala, vile vikufuli vya waya vinavyozuia washa zisitoke. Dukani kuna seti za vichokoo vya chuma, vinne au sita kwenye kifuko. Vimechongwa vikali mno. Nilichonunua kilinichora kiti cha beringi siku ya kwanza.

Spoku ya baiskeli inakishinda. Nyingi zina unene wa milimita 2, zinapinda bila kukatika, na zikipinda hazirudi. Kata kipande cha sentimita 15. Pinda ncha moja kwa plaizi (hii ndiyo kazi halali ya plaizi) iwe na kidole cha milimita 2 au 3, kisha ukipapase kwa tupa kiwe bapa upande wa juu. Upande wa pili pinda duara la kuingiza kidole chako cha shahada, ili upate kuvuta wima bila kuyumbisha. Maliza kwa msasa, hata kidole cha chuma kisikwaruze ukucha ukikipitisha. Kikikwaruza ukucha, kitakwaruza aluminiamu.

Nikienda kuzitafuta kwa fundi baiskeli, huwa hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Spoku tena? Hiyo baiskeli yako ina magurudumu mangapi?"

"Sina baiskeli mzee, nina rili."

"Basi chukua hizi zilizopinda. Wewe si unakwenda kuzipinda?"

Ndiyo maana sijui bei ya spoku siku hizi.

Kwa beringi ndogo yenye tundu la milimita 3, spoku haipiti. Hapo ninatumia ndoana. Ndoana ndogo, nimeivunja kijino cha kuzuia samaki, nimeisaga ncha iwe butu, na nimeifunga kwenye kipini cha mti wa mwiko uliovunjika. Chuma cha ndoana ni kigumu kuliko cha spoku, hakijikunjui ukivuta. Kuna aliyeniuliza kwa nini nisinunue tu kifaa cha kuchomolea beringi. Vipo, na kama unafungua rili kumi kwa wiki kina maana. Kwa rili mbili kwa mwaka utakuwa umenunua pambo.

Na kwa kuijaribu beringi ikishatoka: njiti ya mshikaki. Ichonge ncha kidogo, ivishe beringi kama nyama ya mwisho, ipige kwa kidole izunguke, uiweke karibu na sikio. Nzuri inanong'ona. Mbovu inasaga kama mtu anayetafuna mchele mbichi. Watu hutumia bisibisi kwa kazi hii. Chuma kwa chuma hukuletea kelele zake chenyewe, na ncha yake hutia mikwaruzo ndani ya tundu. Mwanzi haupigi kelele.

Cha kuishikilia rili

Usiibane rili kwenye jiliwa. Jiliwa halijui kwamba mguu wa rili ni aluminiamu au plastiki ngumu, lenyewe linajua kubana tu.

Kata bomba la plastiki la inchi robo tatu, urefu wa futi moja. Lipigilie au lifunge kwenye ubao mzito. Mguu wa rili kwa kawaida umepinda kidogo ili ukae kwenye fimbo ya kuvulia, kwa hiyo unakaa vizuri juu ya bomba. Ufunge kwa klipu mbili za mpira wa maji, moja kila upande, na chini ya kila klipu weka kipande cha tyubu ya baiskeli. Rili inasimama kama iko kwenye fimbo, mikono yako yote miwili iko huru. Vishikio vya kununua nimeviona picha tu, vizuri, vinazunguka kila upande. Sijapata sababu.

Pa kuweka vitu vinavyotoka

Hapa watu wanapenda bakuli la sumaku, lile la mafundi magari. Mimi nililinunua na sasa linashika pini za ushungi za mke wangu. Skrubu nyingi za rili ya baharini ni za chuma kisichoshika kutu, na chuma cha namna hiyo aghalabu hakishikwi na sumaku, kwa hiyo linashindwa kazi yake ya kwanza. Beringi, kinyume chake, nyingi zinashikwa. Zikikaa humo zinaweza kubaki na usumaku kidogo, na baadaye zikaanza kukusanya vumbi la chuma. Limeacha linachotakiwa kushika na kushika kisichotakiwa.

Trei ya mayai ya karatasi ina vikombe 30, sita kwa tano. Anza kona ya juu kushoto, kila kitu kinachotoka kinaingia kikombe kinachofuata, na siku ya kurudisha unaanzia mwisho. Karatasi yake inanyonya mafuta, kwa hiyo vitu vidogo havielei wala haviteremki. Piga picha kwa simu pia kila hatua. Picha inakuonyesha kitu kilikaa upande gani, trei inakuonyesha kilitoka zamu ya ngapi. Moja haitoshi.

Trei nzima naiweka ndani ya sinia kubwa lililotandikwa kanga iliyochakaa. Kuna springi ndogo ndani ya rili, kama ile ya waya wa kukunjia mshipi, ambayo ikiruka kwenye sakafu ya saruji imekwenda. Ikiangukia kwenye kanga inalala palepale. Niliwahi kuitafuta springi kama hiyo kwa tochi hadi usiku, na asubuhi kuku akawa anaichezea.

Kuosha

Mashine za kuoshea kwa mitetemo ya sauti zinafanya kazi kweli, hasa kwa beringi. Zinahitaji umeme usiokatika na zinahitaji rili nyingi za kuzilipia. Mbadala wangu ni chupa ya jamu yenye mfuniko na kichujio cha chai. Vitu vidogo vinaingia kwenye kichujio, kichujio kinakaa ndani ya chupa, unatia kimiminika, unafunga, unatikisa. Uchafu unashuka chini ya kichujio, vitu vinabaki juu. Tikisa, acha, tikisa tena.

Swali ni utie nini:

| Unachotia | Kinachofaa | Ubaya wake |
|---|---|---|
| Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo | Bodi, spuli, vitu vya plastiki. Huondoa chumvi | Grisi kuukuu haitoki. Kausha sana baadaye |
| Mafuta ya taa | Gia na beringi zenye grisi iliyoganda | Huacha utando wa mafuta, osha tena kwa sabuni |
| Petroli | Haraka kuliko yote | Moto. Na mvuke wake si wa kuvuta |
| Thina | Chuma kitupu tu | Hula rangi na plastiki nyingi |
| Spiriti | Kukaushia beringi baada ya maji | Grisi nzito haiiwezi |

Mimi huenda mafuta ya taa, sabuni, spiriti, kwa mpangilio huo. Petroli sijaigusa tena tangu nilipogundua kwamba nimekaa nayo barazani huku jirani akipuliza jiko la mkaa hatua chache kutoka nilipo. Na magadi ya kutengenezea sabuni yaweke mbali kabisa na rili. Yanaila aluminiamu mpaka inachemka mapovu.

Kutia mafuta na grisi

Bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano, linatosha kwa grisi. Kwa mafuta ya cherehani kwenye beringi, weka sindano nene iliyokatwa ncha na kusagwa. Vitoleo vya kununua ni vizuri kwa jambo moja: havina mpira. Mpira ulio ndani ya bomba la sindano huvimba ukikaa na mafuta, baada ya wiki chache unakwama, ukisukuma kwa nguvu unakojoza mafuta yote mahali pamoja. Jaza kidogo kidogo na ubadilishe bomba.

Kuna sehemu moja ya kuweka mkono nyuma: ile beringi ya kuzuia mkono wa kuzungushia rili usirudi nyuma. Ukiijaza grisi nzito itateleza siku samaki atakapovuta. Tone moja la mafuta mepesi, basi.

Wenye rili zile za kulala (spuli imelala kukingama na fimbo), ambazo spuli yake ina pini ndogo inayopita kwenye mhimili kuzuia beringi: hapo nunua kile kikoleo cha kusukumia pini. Nimejaribu kwa msumari na nyundo, nikapinda mhimili.

Kupima breki: dumu dhidi ya mizani

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayorukwa na wengi. Mtu anasafisha rili yake yote, anairudisha, anavuta mshipi kwa mkono, anasema "hapo sawa". Mkono haujui kilo.

Desturi ya wavuvi wa rili ni kuiweka breki kwenye theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa ratili 30 unakatika kwenye kilo 13.6 hivi, kwa hiyo breki iwe kilo 4.5. Wa ratili 20, kilo 3. Wa ratili 50, kilo 7.5. Wa ratili 80, kilo 12.

Mizani ya kuning'iniza ya kununua inakuja kwa namna mbili. Ya springi, yenye mshale, ni ya kweli: unafunga mshipi kwenye ndoano yake, unavuta taratibu, unasoma pale mshipi unapokuwa unatoka. Ile ya kidijitali ya kupimia mizigo ya ndege inanitia mashaka. Baadhi zinagandisha namba ya juu kabisa zilizoiona, na breki yoyote huhitaji nguvu zaidi kuanza kuteleza kuliko kuendelea kuteleza. Kwa hiyo unasoma ule mshtuko wa mwanzo, unadhani ndiyo breki yako.

Sasa dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hili halihitaji betri. Kwa mshipi wa ratili 30, chukua dumu la lita 5, jaza lita 4 na nusu. Dumu lenyewe lina uzito wake mdogo, anayejali akalipime dukani apunguze maji kiasi hicho. Naifunga rili kwenye kile kishikio cha bomba, nakifunga kishikio kwenye boriti ya baraza, naushusha mshipi moja kwa moja kutoka kwenye rili bila fimbo, maana pete za fimbo nazo zina msuguano wake. Nafunga dumu mshipini, futi moja juu ya sakafu, breki ikiwa imekazwa hadi mwisho. Halafu nalegeza, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Likianza kushuka lenyewe, polepole, hapo ndipo kilo 4.5 zilipo. Natia alama kwa rangi ya kucha kwenye kitasa cha breki.

Dumu lina faida ambayo mizani haina: unaliona linavyoshuka. Breki nzuri hulishusha kama ndoo inavyoshuka kisimani mikononi mwa mtu mzima. Breki yenye washa kavu au zenye chumvi hulishusha kwa kigugumizi, linakwama, linaruka, linakwama. Kwenye mizani ya mshale utaona sindano inacheza, ndiyo, lakini jicho lako liko kwenye namba na mkono wako ndio unaovuta, hujui kigugumizi ni cha nani. Dumu halina mkono. Mara mbili nimerudi kufungua rili ambayo nilishaifunga kwa sababu ya namna dumu lilivyoshuka, na mara zote mbili nilikuta washa moja imekunjika ukingo.

Ubaya wa dumu: kwa mshipi wa ratili 80 utahitaji dumu kubwa lenye lita 12, na boriti unayoiamini. Na linahitaji mtu asiwe na miguu mitupu chini yake.

Kukunjua mshipi: gurudumu la baiskeli

Mwisho wa matengenezo mshipi unatoka wote, unaoshwa, unarudi. Wengine wanaukunjua chini mchangani, jambo ambalo sitalijadili. Wengine wanaufunga kwenye drili. Drili ni haraka mno. Nailoni inavutwa hadi inanyumbuka, kisha inajikaza kwenye kibiringo cha plastiki mpaka kinavunjika, nimesikia kilivyolia. Vikunjio vya kununua vinafungwa ukingoni mwa meza na ni vizuri kwa mshipi mpya unaotoka dukani kwenye kibiringo chake. Kwa mshipi unaotoka kwenye rili, ukakae mahali, kisha urudi, sijaona kinachoishinda baiskeli.

Baiskeli iwe ile kubwa ya 28. Ipindue, ikae kwa tandiko na usukani. Toa tairi na tyubu ya nyuma, ubaki na ringi tupu. Pitisha ncha ya mshipi kwenye tundu la valvu uifunge kwenye spoku. Mmoja ashike rili, breki imelegea, mshipi upite kwenye kitambaa chenye maji. Mwingine azungushe pedali. Mzunguko wa ringi ya 28 ni karibu mita 2, kwa hiyo kila zamu ya gurudumu umeondoa mita 2 na unajua una mshipi kiasi gani. Kuhesabu, funga kipande cha mfuko wa plastiki kwenye spoku moja na ubane kadi ngumu kwenye fremu, iguse hicho kipande tu na si spoku, kama watoto wanavyofanya baiskeli ipige kelele za pikipiki, ila hapa inalia mara moja tu kwa mzunguko. Milio 150, mita 300.

Jambo moja linawachanganya wengi. Mshipi uliochakaa ni ule wa nje, wa ndani bado mpya, na watu wanataka kuugeuza. Ukiutoa kwenye rili kwenda ringi ya nyuma, kisha ukaurudisha kwenye rili, hujageuza kitu: uliokuwa chini umerudi chini. Unahitaji kituo cha pili, na baiskeli inacho. Kutoka rili kwenda ringi ya nyuma, kutoka ya nyuma kwenda ya mbele, ambayo utaizungusha kwa mkono kwa kuwa haina mnyororo, na kutoka ya mbele kurudi kwenye rili. Hapo ndipo upande mpya unatokea juu.

Baiskeli ninayotumia ni ya shemeji yangu. Anaiacha kwangu Ijumaa anapokwenda kuswali, na mpaka sasa matairi yote mawili yamekuwa yakimkuta yamerudi mahali pake, yana upepo.